Mhandisi Aliyeifundisha Mashine Kungoja

Pale Nguba, mtaani Bukavu, hakuna tena aliyemwita Hugues kwa jina lake. Alikuwa "Ingénieur," yaani mhandisi, basi, na kwa cheo hicho aliletewa televisheni zisizosema, simu zilizotumbukia kwenye sufuria ya maharage, na siku moja pasi ya umeme ya paroko. Mwanzoni alijaribu kueleza kwamba yeye hashughuliki na vitu vinavyoshikika. Aliandika komponenti, yaani vipande vya programu vinavyoishi ndani ya seva, kule nyuma ambako mteja hafiki. Mteja anagusa simu yake, ombi lake linasafiri mpaka kwenye seva, komponenti moja inalipokea, inafanya kazi na kurudisha jibu. Nani ameiona? Hakuna. Mama yake mzazi, aliposikia kwamba mwanawe analipwa kwa vitu visivyoonekana, alikwenda kumwombea misa.

Lakini mhandisi huyo alikuwa na jambo moja lililoonekana na kila mtu, nalo ni uchumba wake. Francine, mwalimu wa shule ya msingi kusini mwa kisiwa cha Idjwi, alikuwa amemsubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto aliokuwa akiwafundisha irabu uchumba ulipoanza, sasa walikuwa wameanza kubadilika sauti. Kila mwaka Hugues alikuwa na sababu, na sababu zake hazikuwa za kipumbavu, ndiyo maana ziliudhi zaidi. Kwanza diploma. Kisha toleo la kwanza la programu fulani ya kazini. Kisha toleo la pili, kwa kuwa la kwanza lilijaa makosa. Kila mara alimpigia simu na kumwambia "nakuya," yaani nakuja, Francine akajibu "sawa," na ziwa likabaki pale pale katikati yao, meli zikipita juu yake kila siku kana kwamba kuvuka ni jambo rahisi.

Mwaka huu Papa Ezéchiel, baba yake Francine, mkulima wa kahawa na mananasi asiye na maneno mengi, alituma ujumbe. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka familia itakusanyika, chakula kitapikwa, na wajumbe wa Hugues waje waseme walichonacho. Wasipofika siku hiyo, wasijisumbue kuja siku nyingine. Hugues aliusoma ujumbe huo tena na tena, na ni kweli kwamba aliogopa. Alimpenda Francine. Hilo lazima lisemwe mapema, maana mengine yote aliyoyafanya yanaweza kumfanya mtu adhani vinginevyo.

Basi, ili wajumbe wafike Idjwi lazima wapande meli, na meli nzuri ya kwenda huko ilikuwa Neema, mali ya Papa Grégoire. Na programu ya kuweka nafasi kwenye Neema ilikuwa inaandikwa na nani? Na Hugues mwenyewe. Mtu angedhani hapo hadithi imekwisha.

Kabla ya programu, mambo yalikwenda hivi. Anayetaka kiti alimtuma mtu asubuhi na mapema atandike kitenge juu ya benchi. Kitenge kikishatandikwa, kiti kina mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuwa bado kitandani, au sokoni Kadutu anabishana juu ya bei ya samaki wadogo waitwao sambaza, haidhuru. Kukiondoa kitenge cha mtu ni tusi, na kuna familia mbili za Ibanda ambazo mpaka leo hazisalimiani kwa sababu ya kitenge kimoja kilichokunjwa na mkono usiohusika. Papa Grégoire alitaka heshima hiyo hiyo iingie ndani ya simu. Mtu akisema anakuja, alieleza, akute kiti chake. Na asilipe mpaka anapopanda, kwa sababu kumdai mtu kabla hajafika ni kumwita mwizi.

Hugues alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Alikuwa na hotuba yake juu ya komponenti, aliyoitoa kwa mtu yeyote asiyekimbia upesi. Seva, alisema, ni restora. Ndani ya restora kuna maman mwenye nyumba, ambaye katika ufundi wao anaitwa kontena: ndiye anayehangaikia makaa na maji, anayejua nani aingie na nani abaki mlangoni. Wahudumu, yaani komponenti, hawajali hayo, wao wanabeba sahani tu. Na wahudumu ni wa aina mbili. Wa kwanza hana kumbukumbu: anakuletea bugali yako, anageuka, amekusahau. Wachache wa namna hiyo wanalisha umati, maana yeyote aliye huru anamhudumia yeyote mwenye njaa. Wa pili ni wako peke yako. Anakumbuka umeagiza nini na umekaa wapi, wala haendi kwa mtu mwingine mpaka umwambie basi.

Vitabu vyote vya ufundi huo vinashauri huyu wa pili atumiwe kwa uchache, kama pilipili. Hugues alikuwa amevisoma vitabu hivyo, na ukutani kwake palitundikwa cheti cha kuthibitisha kwamba amevisoma. Kisha akaketi na kumpa kila abiria wa Neema mhudumu wake wa pekee, mwenye kumbukumbu, wa kumshikia kiti.

Mwenzake kazini, Pascal, aliyesomea Kampala na kurudi na tabia mbaya ya kufika kwenye mikutano kwa wakati, aliuliza swali moja. Mtu akiweka nafasi halafu asitokee, komponenti yake itangoja mpaka lini? Ni lazima pawe na ukomo, alisema. Robo saa kabla ya meli kung'oa nanga, asiyejitokeza kiti chake kiachiliwe. Kila mfumo wa namna hiyo duniani una ukomo.

Hugues alimtazama kwa huruma.

"Pascal, weye hauna hata tante mumoja?" aliuliza. "Utamwambia mama ya batu kama kiti yake imepewa mungine juu ya kuchelewa kidogo?"

Pascal alisema ndiyo, angemwambia. Hugues alicheka mpaka akavua miwani. Ukomo ni kitu cha watu wanaoishi peke yao, alisema, na akaufuta kwenye mpango.

Tena aliongeza mapambo yake. Seva ikizidiwa na wahudumu wanaongoja, wale waliokaa kimya walazwe kwenye diski pamoja na kumbukumbu zao zote, na waamshwe wanapohitajika. Umeme ukikatika, na seva ikizimika, basi ikiwaka tena wote waamke kama walivyolala, kila mmoja na kiti chake mkononi. Katika mji ambao umeme unakuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga, hilo lilikuwa jambo la kujivunia, na Hugues alijivunia. Kisha akaifunga safari nzima ndani ya kitendo kimoja kisichogawanyika: majina, viti na orodha ya abiria inayokaguliwa na nahodha na afisa wa bandari, ama yote yanasimama, ama yote yanaanguka. Asiwepo karani wa kuchomeka shemeji yake katikati. Jina lisilotoka kwenye mashine lisipande.

Pascal alishinda jambo moja tu. Alidai pawepo kitufe cha mtu kuachilia kiti chake kwa hiari, na Hugues akakubali ili amnyamazishe. Kwa dhihaka akaongeza kwamba kila mara mtu atakapokibonyeza, yeye Hugues apate ujumbe kwenye simu, amwone huyo mtu wa ajabu ni nani.

Programu ilifunguliwa Jumatatu ya Pasaka, Papa Grégoire akiwa amevaa koti. Watu walipiga makofi. Kutoka upande wa Idjwi wa kwanza kuitumia alikuwa Francine. Aliweka viti viwili vya kurudi Bukavu siku ya Jumapili, ule mchana baada ya sherehe: kimoja cha dirishani kwa jina lake, na cha pembeni kwa jina la Hugues, ili aje kuonyeshwa kwa mama mkwe akiwa amekaa na mtu wake. Hugues aliona majina hayo mawili yamekaa bega kwa bega kwenye skrini, na kwa dakika nzima hakumwambia mtu chochote juu ya komponenti. Alikuwa na furaha tu.

Na viti vya kwenda, yeye na wajumbe wake Jumamosi? Ah, hivyo. Siku ya Jumanne alipita kwenye dirisha la tiketi, akamkuta Micheline, mama aliyekuwa akiuza tiketi za Neema tangu enzi za vitenge, akamwambia huku akipita, "Maman Micheline, Jumamosi utatuwekea places." Micheline akajibu, "Sawa, Ingénieur." Naye akaenda zake ametulia kabisa. Mtu aliyekesha mwaka mzima ili watu wasiweke tena nafasi kwa mdomo, aliweka nafasi yake kwa mdomo.

Wiki ilikwenda vizuri. Siku za kazi anayeweka kiti kwa kawaida ana safari, na anakuja. Lakini Jumamosi ya Bukavu ni kitu kingine. Jumamosi ni arusi, ni kuondoa matanga, ni ubatizo wa mtoto wa binamu, na mtu mwenye heshima zake anaalikwa kila mahali kwa siku moja. Kote anajibu "nakuya." Hawezi kusema "siji," maana kumwambia mtu usoni kwamba huji kwenye arusi ya binti yake ni kumwambia kwamba hana maana kwako. Unasema unakuja, halafu huji, na wote mnabaki marafiki. Sasa mji mzima ulikuwa umegundua kwamba unaweza kumtumia mwenye arusi wa Idjwi uthibitisho wa kiti, chenye namba, bila kulipa. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote zilizowahi kubuniwa za kusema "nakuya." Kufikia Alhamisi Neema ya Jumamosi ilikuwa imejaa. Papa Grégoire alimwalika Hugues kwa bia. Kitufe cha kuachilia kiti hakikuwa kimeguswa na mtu hata mmoja, na Hugues alimkumbusha Pascal jambo hilo mbele ya watu.

Jumamosi wajumbe walifika bandarini wamependeza. Tonton Benoît, mdogo wa marehemu baba yake Hugues, ndiye msemaji, alikuwa amevaa suti, akirudiarudia salamu zake kwa sauti ya chini. Tante Rosalie, shangazi yake, alikuwa na kitenge kipya na kilemba kirefu. Palikuwa na kreti za bia, na mbuzi aliyefungwa kamba. Hugues aliwaongoza mpaka dirishani kama mtu anayewaingiza wageni nyumbani kwake.

Micheline aliandika majina yao, mashine ikakataa. Akaandika tena. Meli imejaa.

Hugues aligeuka kuitazama Neema. Ilikuwa imefungwa gatini, safi, benchi zake zote za bluu zinang'aa. Abiria walikuwa wamekaa huku na kule, kila mmoja na nafasi ya kulala akitaka. Akamwuliza Micheline kama hakumwambia siku ile ya Jumanne.

"Mi nilisikia, Ingénieur," Micheline alisema kwa upole. "Ni mashini haikusikia."

Ndipo mhandisi alipoanza kutokwa na jasho. Alimpigia Pascal aliyekuwa ofisini karibu na seva, akamwomba aizime na kuiwasha. Pascal aliizima. Akaiwasha. Wahudumu wote wakaamka kutoka kwenye diski, wametulia, kila mmoja na kiti chake mkononi, kama walivyofundishwa. Hugues akasema basi wafutwe. Pascal alisema inawezekana, lakini safari ni kitendo kimoja kisichogawanyika: akifuta wasiokuja, na waliokwisha kulipa na kukaa wanafutika nao, orodha inakuwa tupu, na afisa wa bandari hataruhusu meli iondoke. Pascal hakumkumbusha habari za ukomo. Alikuwa mtu mzuri kuliko ninavyoweza kuwa mimi.

Hugues akakimbilia kwa Papa Grégoire. Alimwonyesha benchi. Alimwonyesha mbuzi. Akamwomba awaruhusu wapande hivyo hivyo, majina yatafuata baadaye.

"Ni weye ulinifundisha," Papa Grégoire alisema. "Jina yenye haitoke mu mashini, haipande. Na bale benye kuweka viti, bakifika nitabaambia nini?"

"Habatafika, Papa."

"Balisema banakuya."

Hoja hiyo ilikuwa ya Hugues mwenyewe, aliyoitumia dhidi ya Pascal. Na Papa Grégoire hakuwa anamkomoa. Alikuwa mtu anayeamini, aliyeuziwa imani na Hugues. Neema ilipiga honi, ikasubiri kidogo kwa adabu, kisha ikaondoka na benchi zake.

Boti za mbao za wafanyabiashara zilikuwa zimekwisha kuondoka alfajiri. Palikuwa na mtumbwi mmoja wa mota wa kukodi, lakini Tante Rosalie aliutazama, akatazama mawimbi, akasema hawezi kuingia kwa wakwe amelowa kama kitambaa cha kufutia meza. Tonton Benoît alipendekeza Hugues atangulie peke yake. Wote wakatikisa kichwa, hata Tonton Benoît mwenyewe, kwa sababu mwanaume anayekwenda kujisemea mwenyewe mbele ya baba wa msichana si mchumba, ni mtu aliyepotea njia. Na Hugues, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo angeweza kuruka majini na kuogelea, alikubali kwamba haifai. Wakakaa juu ya kreti. Mbuzi akaanza kula kamba yake.

Kabla ya saa sita simu ililia. Alikuwa Francine. Nyuma ya sauti yake zilisikika sufuria, na watu wengi waliokuwa wakiongea, kisha wakapunguza sauti.

"Bato ya Neema imefika," alisema. "Iko na viti, Hugues. Batu hakuna."

Hugues alieleza. Mtu mwingine angesema nisamehe, angesema nalia huku. Yeye alieleza komponenti. Alieleza mhudumu asiye na kumbukumbu na mhudumu mwenye kumbukumbu, alieleza diski, alieleza kitendo kisichogawanyika, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kuwa fundi. Francine alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwalimu, alikuwa amezoea kumsubiri mtoto amalize.

"Na mutu akikawia sana," aliuliza, "ile mashini yako inafanyaka nini?"

"Inamungoya."

"Mpaka wakati gani?"

Hugues alitazama ziwa. Mbele yake maji sasa yalikuwa yametulia, na kule mbali Idjwi ilionekana vizuri kabisa, karibu mno.

"Hatukuweka mwisho," alisema.

Francine akasema, "Sawa," kama alivyosema kila mara, na simu ikakatika.

Hugues alijisikia nafuu. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo alivyojisikia. Amesema sawa, aliwaambia wajumbe, ameelewa, ataongea na baba yake. Tonton Benoît akarudia salamu zake kwa ajili ya siku nyingine. Tante Rosalie alifungua bia moja ya wakwe, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Simu ilitoa mlio mwingine, mlio ambao Hugues hakuutambua, ingawa aliuchagua yeye mwenyewe. Ilimchukua muda kukumbuka aliuchagua kwa ajili ya nini. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe. Katika mji wote na kisiwa chote, mtu mmoja alikuwa amepata ujasiri wa kusema kwamba haji. Hugues alisoma: *Kiti kimoja kimeachiliwa. Idjwi–Bukavu, Jumapili, dirishani. Abiria: Francine.*

Tonton Benoît alikuwa amemwona anavyoitazama simu.

"Place imepatikana?"

"Moja," Hugues alisema.

"Asante Mungu. Simama basi, tuende."

Tante Rosalie alikuwa ameanza kufunga tena kitenge chake. Hugues hakusimama.

"Ni ya kurudi, tonton," alisema. "Ni place yake."

Wazee walielewa mmoja mmoja, Tante Rosalie mwisho, na alipoelewa alikaa tena juu ya kreti na kuanza kulia waziwazi, akiwa na kilemba chake kirefu. Hugues alikuwa bado anatazama skrini. Kiti cha dirishani kilikuwa cheupe, huru, yeyote angeweza kukichukua. Cha pembeni yake kilikuwa bado kimeshikwa kwa jina la Hugues, na mashine ilikuwa inamngoja aje.